Nimeshatoa Shukrani, Nitarudije Hospitali?

Mpendwa mshauri Mama Sihaba, shikamoo, naomba msaada maana nimebanwa na aibu. Mimi napasua samaki hapa Nansio, na mwaka jana macho yaligeuka ya njano, mwili ukawasha hadi nikajikuna kwa gunzi, wakanivusha ziwa hadi Mwanza, wakanipasua, wakakuta vijiwe vimeziba mrija wa nyongo, wakavitoa, nikapona kabisa, namshukuru Mungu na namshukuru Dokta Malimi, mkono wake mwepesi kuliko wangu, na mimi sijawahi kupasua nyongo ya samaki hata mara moja. Basi Pasaka nikatoa shukrani kanisani, nikashona kitenge sare na mume wangu Victor, tukaingia tukicheza na jogoo na mikungu ya ndizi, Dokta Malimi tukamwalika naye akaja akacheza, watu wakala wakashiba. Sasa tangu juzi nina homa ya kutetemeka, mkojo kama chai ya rangi, Victor anasema macho yanarudia rangi ile, anataka twende, mimi nakataa, nitamtazamaje daktari aliyecheza kwenye shukrani yangu, si atadhani namwambia kazi yake imeharibika, na kanisani si watasema Paskazia alishukuru kwa uongo? Nifanyeje, mama?

Paskazia, Nansio

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeletwa na shemeji yako Ngosha, na kabla sijashika kalamu nimemrudisha bandarini na neno kwa Victor: amlete mkewe kwa meli ya kwanza, atake asitake. Haya mengine ni ya kukugombeza, na ya wenye aibu kama yako.

Nafurahi ulipona, tena nafurahi unajua kushukuru, wengi hawajui. Lakini nani alikuambia ukishashukuru huruhusiwi kuugua? Mrija ule ni mwembamba. Ukishapasuliwa, kovu linaweza kuubana hata baada ya mwaka, au kijiwe kikabaki, hata mkono uwe mwepesi namna gani. Hapo hakuna uongo wako wala uzembe wa daktari. Ila homa ya kutetemeka pamoja na macho ya njano huua, tena haraka. Usingoje Jumapili, usinywe mizizi ya mtu, nenda kwa yuleyule anayelijua tumbo lako.

Gazeti linaingia mtamboni, na Ngosha amepiga hodi. Umefika, umelazwa. Anasema Dokta Malimi alipokuona alikushika mkono, akasema, "Asante kwa kurudi, Mama. Ningesikia msiba wako ndipo ningeona aibu."

Umesikia? Ukitoka, toa shukrani nyingine, na mimi mnialike. Kitenge kilekile kinatosha.