Stika ya Anjelina

Kasulu, Jumamosi

Eti mshamba! Anjelina alichuchumaa na kumpigia bibi yake makofi ya salamu, kama sisi Waha tulivyolelewa. Devota akampiga picha kwa siri, akaifanya stika yenye neno "mshamba" kwenye grupu letu la WhatsApp la kidato cha nne. Wamecheka siku tatu. Anjelina ameacha hata kwaya.

Na Devota mwenyewe! Akimwamkia bibi yake, makofi yanasikika mpaka barabarani.

Nilinyamaza siku zote hizo, na hilo linaniuma. Leo nimeandika: "Ifuteni. Mimi pia huamkia hivyo. Nitengenezeeni na mimi."

Devota akajibu, "Heee, bubu kaongea!"

Hakuna aliyeomba radhi.

Ila Anjelina kaniandikia: "Kesho nipitie twende kwaya."