Mengine Umeyaweka Wapi?

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani hospitalini hapa Lodwar, na leo simwamini mtu. Hata mjukuu wako simwamini.

Unakumbuka miaka ile ya tisini, tulipotoka Kakuma kwa lori kuja hospitalini, tumbo lako limevimba? Daktari alizungumza nami kwa Kiingereza mpaka koo likamkauka. Nikageuka, nikakwambia kwa Kiturkana, "Watatoa uvimbe, utapona."

Ukanikazia macho. "Yeye amesema mengi, wewe maneno matatu. Mengine umeyaweka wapi?"

Nilikasirika, Mama. Nilijiona msomi, nawe ukinishuku kama ulivyowashuku wakimbizi wa Sudan kule kambini mlipobadilishana kuni kwa unga. Mkalimani mmoja hakukutosha. Lazima umtafute wa pili, tena asiyejuana na wa kwanza. Lakini mimi si nilikuwa mwanao? Daktari alikuwa na haraka, akanipa fomu ya kukubali upasuaji, nikaweka sahihi yangu kwa niaba yako.

Ukanituma nikakuletee chai. Niliporudi nilimkuta Nakiru, yule mama aliyekuwa akipiga deki wodini, amemzuia daktari mlangoni na ndoo yake.

"Dokta, huyu mama nasema wewe rudia yote. Mimi nasikia, mimi naambia yeye."

Daktari akarudia kwa Kiswahili, naye Nakiru akakwambia yote kwa Kiturkana, pamoja na lile nililolificha: kwamba huenda usiamke.

Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulitaka ile fomu ichanwe, ukaenda Katilu kumuaga dada yako, na baada ya siku tisa ukarudi mwenyewe, ukaweka kidole gumba kwenye fomu mpya. "Sasa wapasue," ukasema. Ukaamka, ukaishi miaka mingi, na kila nilipokuletea habari ulinitania, "Hiyo ndiyo yote?"

Nilikwambia nilificha kwa sababu ya huruma. Ni kweli, lakini si yote. Niliogopa ungekataa, nami nilikuwa nimeshaamua.

Leo asubuhi binti yangu amesimama na daktari nje ya mlango muda mrefu. Nimeiona midomo yao kwenye kioo. Kisha ameingia akitabasamu, karatasi mkononi.

"Ni kitu kidogo tu, Mama. Nimeshasaini."

Nimemshukuru, nikamtuma chai. Na sasa hivi nimemwomba mama anayepiga deki amzuie daktari asiondoke, aje anirudie yote mimi mwenyewe.

Pumzika, Mama. Huku mimi ndiye ninayeuliza sasa.

Binti yako,
yule aliyekuficha