Lorraine Anaingia Kila Asubuhi

Buffalo, Jumapili

Dada yangu mpenzi Lorraine,

Hujambo wewe? Na shemeji Ed, kifua kinamwendeaje na hilo joto la Arizona? Sisi huku ni wazima, ila theluji imefika madirishani na mgongo wangu unaijua kabla redio haijatangaza. Paka wako mnene, hataki hata kushuka kitandani. Anakusalimu kwa uvivu wake.

Sasa mimina kahawa ukae, maana ya kazini ni marefu.

Unamkumbuka Gordon, yule mwandishi wa programu, mrefu, wa meza ya dirishani, anayekunywa supu bila kuitazama? Basi tangu Novemba anavutana na Anjali, bosi aliyekuja baada ya wewe kuondoka. Ugomvi wenyewe ni wa lebo. Mimi na birika langu la kahawa nimewasikia kila kikao, nakueleza nilivyoelewa.

Ndani ya kompyuta kuna pahala pa katikati panapotawala vyote, wao wanapaita kiini. Programu ikitaka kwenda mtandaoni inaweza kukiomba kiini kiitengenezee kifaa cha mtandao ambacho hakipo. Hukishiki, hukifuti vumbi, lakini kinapitisha mambo kama waya wa kweli. Kiini kinakibandika lebo ya usalama, kwamba hiki ni cha fulani, hapa kipite, pale kisipite. Haya. Programu ile inaondoka, kifaa kinabaki. Inakuja nyingine, inakidaka, na lebo bado ni ya yule wa kwanza! Mgeni anapita milango yote kwa jina la mtu aliyekwisha kwenda zake. Gordon akasema anayekuja akaguliwe yeye kwanza, na akikubaliwa, ya zamani ibanduliwe abandikwe yake.

Anjali hakutaka kusikia. Alimwambia kazi ya watu wote imesimama kwa sababu ya mwizi aliyemwota yeye, na nani huyo anaondoka anaacha jina lake nyuma, halafu mwingine analivaa, na asijulikane? Hayo, alisema, hayatokei. Gordon akajibu, “Bosi, yametokea kwenye mashine yangu mara sita.” Anjali akamwambia basi mashine yako ina mashetani, na watu wakacheka, hata mimi nikacheka nusu. Mwisho akasema Ijumaa ndiyo siku ya mwisho. Kama hakuna mwingine wa kumuunga mkono, lebo zinabaki zilivyo, na Jumatatu Gordon anahamishiwa kwenye kazi ya kujibu simu za wateja. Gordon, dada! Mtu anayesema maneno kumi kwa siku!

Alikuja jikoni akakaa juu ya kreti ya maziwa. Nikampa mkate wa nyama, hakuugusa. Akaniambia, “Lorraine, mama, labda mimi ndiye mwenye wazimu.”

Umesoma hapo? Lorraine.

Ndiyo, dada, kuna jambo nimekuficha. Ulipoondoka uliniachia beji yako kwenye msumari, ukasema niitumie mpaka yangu itoke. Nilikwambia kwenye simu ilitoka Pasaka. Haikutoka. Haikutoka kwa sababu sikuiomba. Ile fomu ina kurasa nne, inauliza shule gani na mwaka gani, na mimi nikaifungua, nikaifunga, nikaitia chini ya magunia ya viazi. Picha yako na sura yangu ni zile zile za marehemu mama, nani angeangalia? Wakaniita Lorraine nikaitika. Miaka miwili. Beji yako inafungua mpaka chumba cha mashine kwa kuwa wewe ulikuwa unakifagia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naingia humo kila asubuhi kupoza keki kwa ile baridi yake.

Siku nne sikulala vizuri. Nikisema, nafukuzwa, na kwa umri huu nani ataniajiri? Nikinyamaza, Gordon anaambiwa jambo halitokei, na mimi ninayelifanya nimesimama pale pale namwaga kahawa.

Ijumaa ile, siku tisa sasa, kikaoni niliweka birika chini. Nikamwambia Anjali anifuate. Akasema, “Mama, si sasa.” Nikamwambia ni sasa. Nikafika mlango wa chumba cha mashine, nikagusisha beji, ukafunguka. Nikamwambia soma jina. Akasoma. Nikamwambia Lorraine yuko Arizona tangu mwaka juzi, mimi ni mdogo wake, naitwa Bernice. Weee! Harufu ya tufaha ikatoka mlangoni! Kisha Anjali akauliza kwa sauti ndogo kama ndani mna keki. Nikasema mna mbili, za tufaha.

Akasoma orodha ya wanaoufungua mlango ule, yeye mwenyewe. Lorraine anaingia kila asubuhi, saa moja na nusu. Akarudi, akamwambia Gordon maneno mawili tu, “Kiraka kiingie,” ndiyo yale marekebisho yake ya lebo. Gordon hakushangilia. Alishika mgongo wa kiti, basi.

Mimi nimepewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, sijafukuzwa. Ile fomu Gordon alinijazia pale jikoni. Kwenye shule nikamwambia darasa la sita, akaandika sita, hakuinua hata macho.

Lakini dada, jina lako limefutwa milangoni, na najua uliahidiwa ukirudi utapata nafasi yako. Hilo nimelivunja mimi, wala sikukuuliza kwanza. Jumatano watakupigia simu watu wa usalama. Waambie ukweli wote, usinifunike. Na ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitakaa nisikilize mpaka uchoke.

Beji yangu imetoka Alhamisi. Inafungua jikoni na chooni tu, chumba cha mashine nabisha hodi kama wengine. Juzi Ijumaa asubuhi yule kijana wa malipo alisema, “Habari, Lorraine,” nikamwonyesha kifuani, nikamwambia soma tena.

Msalimie Ed, mwambie avae soksi. Nakubusu mashavu yote mawili.

Mdogo wako,
Bernice