Mkwe Niliyemkimbia kwa Heshima

Mwandoya, Meatu
14 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa Luhaga,

Mwangaluka. Hujambo huko Morogoro? Wifi Elizabeth naye hajambo? Ule mguu wako uliokuwa unavimba umepona, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi kama kizee? Sisi tu wazima, Mungu anatulinda. Pamba imepasuka na tunachuma tangu wiki iliyopita. Shemeji yako Bundala anachuma kidogo na kusimamia sana, unamjua.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nitalia, na nikilia hutasikia nilichosema. Barua hii anakuletea jirani yetu Mwandu, anasafiri kesho kuja huko.

Ni habari za mwanangu Jenipha. Alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, tukampa jina la marehemu mama yetu, Milembe. Mtoto ni mzima kabisa. Ila mama yake kidonda hakijafunga vizuri, na daktari amemkataza kubeba ndoo, kupika, hata kuinama. Anahitaji mtu wa kumuuguza. Mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

Basi nikafunga mzigo, nikaenda kwao Bariadi. Aliyekuja kunipokea stendi ni mumewe, Novatus. Kijana huyu kwao ni Ifakara, na katika ukoo wao mama mkwe ni mama tu, anakaa sebuleni na mkwe wake, wanakula sahani moja na kutaniana. Akaja mbio, kanyoosha mikono anikumbatie, "Mama yangu, karibu!" Luhaga, mbele ya watu wote! Nilijitupia kanga usoni nikajificha nyuma ya meza ya nyanya. Mwenye nyanya mwenyewe aliona aibu kwa niaba yangu. Moyoni nikasema, huyu amelelewa na nani? Kumbe naye moyoni alikuwa anasema, mama huyu hanitaki kwa sababu mimi si Msukuma.

Wanaishi chumba na sebule, mlango mmoja. Usiku nililala kwa jirani. Mchana namwogesha mtoto, nikisikia pikipiki ya Novatus natoka upesi nimeuelekea ukuta. Siku moja mvua ikamrudisha mapema. Mtoto nilimtoa kwenye beseni na povu lake, nikamlaza kitandani, nikapita. Akaniuliza, "Mayu, nimekukosea nini?" Alitumia neno letu kabisa la kumwita mama, mayu. Sikumjibu. Mkwe unamjibu nini?

Jenipha alimweleza. Bundala naye alikuja akamweleza kwamba kwetu kumkimbia mkwe ndiko kumheshimu, kwamba yeye na mama yetu walizungumza kwa kupitia ukutani miaka yote na walipendana sana. Novatus alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, kichwani nimeelewa. Ila kila nikiingia nyumbani kwangu kuna mtu anatoka mbio. Roho inaniuma."

Kichwani hata mimi nimeelewa, mdogo wangu. Jioni moja nilijiapia kwamba nitabaki kwenye kiti nimsalimie. Nikakaa. Nikasikia viatu vyake mlangoni, nikastukia niko nje uani, nalia kwa hasira. Waliosema mwacha mila ni mtumwa hawakutuambia anayeishika anakuwa nani. Miguu yangu haikuniuliza ruhusa.

Nikaomba basi nimlete Jenipha huku Mwandoya, nimuuguze kwangu. Novatus alikataa. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alimwambia Bundala, "Siwezi kumwacha mke wangu kwenye nyumba ambayo mimi siwezi kuingia." Anampeleka kwa mama yake Ifakara. Jenipha aliendelea kumnyonyesha mtoto. Hakunitetea mimi wala hakumtetea mume wake. Angefanyaje, sote wawili ni watu wake.

Safari ni Jumamosi. Yule mama simlaumu. Atamwogesha mjukuu wangu, atampikia mwanangu uji, jioni watakaa wote sebuleni wacheke. Mimi nimerudi na unga wangu wa ulezi na karanga nilizozitwanga kwa ajili ya Jenipha, vipo hapa jikoni vinanitazama. Usiniambie nijikaze, nimejikaza. Wala usinicheke, wewe uliyekwisha kuwa mtu wa huko.

Bundala anakusalimu sana. Mjomba Mboje naye anakusalimu, analalamika kwamba humpigii. Nisalimie wifi na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu awape mvua za kutosha na mlango usiokosa wageni wema.

Jambo moja tu nakuomba. Watashuka hapo Morogoro kubadili basi la Ifakara. Nenda stendi uwapokee, umbebe mtoto japo kidogo. Na Novatus mtazame vizuri, maana wewe unaruhusiwa. Kila anayemwona Milembe anasema amechukua uso wote wa baba yake. Mimi siwezi kujua. Hata siku ile alipokuja kunipokea niliiona mikono tu. Mtazame, halafu unipigie uniambie kama ni kweli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Kornelia