Alama Sitini

Jumatatu, 10 Juni

Siku arobaini na saba.

Nimeamka saa kumi na nusu alfajiri. Kurasa tatu tu, kisha usingizi ukanibeba shavu likiwa juu ya kitabu. Se-rin ndiye aliyeniamsha. Wino ulikuwa umenipiga chapa usoni. "Mama, una fosforasi hapa," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Meza ya jikoni tunagawana, mimi na binti yangu. Upande wake mtihani wa kuingia chuo kikuu, Novemba. Upande wangu mtihani wa leseni ya mhandisi wa mazingira, mwezi ujao. Yeye mara ya kwanza. Mimi ya tano. Mara ya mwisho nilipata 59.33. Kufaulu ni sitini. Namba hiyo naiona hata kwenye mizani ya duka la nyama.

Kazini, maji yanayoingia kwenye kituo chetu cha kusafisha majitaka yana rangi ya chai tena. Nimeweka tope chini ya hadubini — vile vijidudu vinavyokula uchafu, nusu havitikisiki. Nikampelekea Meneja Ban picha. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mimi ni mhandisi mwenye leseni. Nikasema sina. Akasema basi tumwachie aliye nayo.

Aliye nayo ni Bwana Gu. Huja mara moja kwa mwezi, hunywa kahawa, hugonga muhuri kwenye ripoti ya majitaka, huondoka. Sijawahi kumwona na buti!

Jumatano, 12 Juni

Kaka Pyo amenirudishia majibu yangu ya mazoezi. Mekundu yote, kama kimchi, kabichi ya pilipili.

Yeye ndiye fundi wetu wa pampu, miaka hamsini na minane, anastaafu mwakani. Mtihani huu aliufanya mara kumi na moja, akaachana nao. Sasa saa ya chakula ananisahihisha maabara, mkono mmoja kalamu nyekundu, mwingine vijiti. Anasema naandika kama mtu anayeomba radhi. Msahihishaji ana rundo la vijitabu mbele yake, hana muda wa kunihurumia. Kichwa, mchoro, hesabu, hitimisho. Basi!

Vipindi vinne, dakika mia kila kimoja, yote kwa mkono, na alama ya mwisho ni wastani wa vyote. Nimejipima kwa saa ya Se-rin. Kipindi kimoja tu na kidole gumba kimekufa ganzi.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe amerudi kutoka Mulgol na ndoo ya konokono wa mtoni. Tangu mume wangu afariki tumebaki wanawake watatu nyumbani, na mwenye sauti ni yeye. Ameketi sakafuni anawatoa kwa sindano, anapiga hesabu ya supu.

Mulgol ndicho kijito kinachopokea maji ya kituo chetu.

Nikamwambia tusiwale, mwezi huu tuwaache tu. Akanitazama. "Kwa nini, Mama Se-rin? Si wewe unayeyasafisha hayo maji?"

Nikasema ni joto, konokono huharibika. Uongo! Nimeidanganya sura ile. Ndoo nimeimwaga mwenyewe alipokwenda kanisani jioni. Aliporudi aliiona tupu. Amenikasirikia kwa kuosha vyombo kwa nguvu.

Ijumaa, 21 Juni

Daktari wa mifupa ameshika kiganja changu akakibonyeza kama mnunuzi wa tikiti maji. Mshipa wa kifundo cha mkono umebanwa. Nipumzishe mkono wiki sita, nisiandike. Nikacheka. Akauliza kinachochekesha. Nikamwambia nina wiki tano.

Amenipa mshipi wa kufunga mkono. Kuandika hapa pia si ruhusa, nadhani. Lakini hapa hakuna anayetoa alama.

Jumatano, 26 Juni

Jambo la ajabu. Meneja Ban amekuja maabara na boksi la kalamu — zile nyeusi, laini, wanazotumia watahiniwa wote — na vifuko vya dawa ya jinseng, ule mzizi wa kuongeza nguvu. Ameniambia wiki mbili za mwisho nisije kazini, nisome. Likizo ya malipo. Eti kituo kinajivunia watu wake.

Miaka kumi na tatu nimefanya kazi hapa. Hajawahi kuniuliza hata jina la mwanangu. Leo ameuliza! Karibu nilie mbele yake, mjinga mimi.

Kaka Pyo alikuwa anafunga bomba pale pembeni. Akanuna, akazidi kukaza.

Alhamisi, 27 Juni

Nimemuuliza Kaka Pyo kwa nini jana alinuna. Kwanza akajifanya hasikii, pampu inapiga kelele. Kisha akaizima.

Bwana Gu amekataa kugonga muhuri. Ripoti ya mwezi huu. Alikuja Jumatatu nikiwa hospitali kwa vipimo vya mkono, akaomba kuona vitabu vya maabara — vitabu vyangu — akasoma saa nzima amesimama. Kisha akamwambia meneja namba za ripoti na namba za vitabu si ndugu hata wa mbali. Akachukua koti lake. Ripoti imekwama. Wanatafuta mtu wa kushikilia mpaka Desemba, na kuanzia Januari wanataka mtu wa humu humu.

"Wa humu humu nani?" nikauliza.

Kaka Pyo akapangusa mikono. Akasema, "Jinseng ilikuwa tamu?"

Ijumaa, 28 Juni

Sijasoma. Nimeangalia ukuta.

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda mwenyewe ofisini kwa meneja. Nilitaka aseme kwa kinywa chake. Alisema, wala hakuona haya. Kiwanda cha rangi kule juu, kinachotuletea yale maji ya rangi ya chai, ni mteja wa mji, watu mia mbili wanakula pale. Mtambo wa kusafisha maji yao wenyewe utajengwa, mwakani, au mwaka unaofuata. Mpaka hapo ni suala la karatasi. Karatasi zinahitaji jina. Nikifaulu, mimi ndiye mhandisi wa kituo — kiti, meza, mlango wenye jina langu. Nisipofaulu, mkataba mpya hauna nafasi ya mtu wa maabara asiye na leseni. Nitakwenda zamu, kwenye mashine ya kukamua tope.

"Bi Tak, una binti anakwenda chuo," akasema. Jina la Se-rin analikumbuka vizuri. Sasa najua kwa nini aliliuliza.

Nikainama, nikatoka. Niliinama! Mgongo wangu wenyewe ulifanya hivyo bila kuniuliza.

Jumamosi, 6 Julai

Nyumbani wanadhani nalia kwa sababu ya mkono. Mama mkwe anaukanda kila asubuhi kwa mafuta ya moto. Ananisema huku anakanda: mwanamke wa miaka arobaini na sita, macho yanapungua, bado kung'ang'ana na mitihani. "Ningekuwa mimi ningejifungia dukani, nikauza mboga, nikalala." Lakini anakanda vizuri. Hajaniuliza tena habari ya konokono.

Jumatano, 10 Julai

Leo wanawake wa kanisa walikwenda Mulgol, mama mkwe akiwa mbele. Wamerudi ndoo tupu. Magamba yapo, anasema, mengi, yamelala chini ya maji kama kawaida, lakini ukiokota moja ni jepesi. Hakuna mtu ndani.

Alisema hivyo: hakuna mtu ndani. Kisha akaniuliza taratibu, hata Se-rin akaacha kuandika: "Wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

Tangu mwaka juzi.

Hakunigombeza. Ningepona kama angenigombeza. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na chakula cha jioni tulikula wawili.

Jumatatu, 15 Julai

Likizo ya kusoma imeanza. Zawadi ya meneja. Kila saa ninayosoma ni saa yake.

Maktaba ya mji imejaa wanafunzi. Mimi na mzee mmoja anayesinzia juu ya gazeti ndio tulio na mvi. Nitrojeni nusu siku. Majibu kumi ya kifupi kwa kalamu ya meneja. Mkono: ganzi baada ya dakika arobaini, maumivu baada ya sitini, kisha vidole viwili haviji ninapoviita.

Jumamosi, 20 Julai

Wazo limeniingia na halitoki. Kushindwa makusudi.

Ni rahisi mno! Kuacha swali moja wazi kila kipindi. Nani atajua? Mara nne nimeshindwa bila kukusudia, hata sikuhitaji mafunzo. Nitavaa buti, nitakamua tope, hakuna atakayeniomba jina langu.

Nimelala fofofo leo mchana. Mara ya kwanza mwezi huu.

Jumatano, 24 Julai

Nimemwambia Kaka Pyo. Tulikuwa kwenye duka la tambi karibu na kituo cha basi, tambi baridi, barafu inaelea. Aliweka vijiti chini. Sijawahi kumwona ameghadhibika.

"Bwana Gu alikataa mara moja," akasema, "ripoti imekwama mwezi mzima. Wewe umekataa miaka miwili, na picha zako, na hadubini yako. Alikwama nani?"

Nikamwambia ni rahisi kwake, anastaafu. Akasema kweli, ni rahisi. Nikamwambia Bwana Gu ana vituo vingine sita vya kwenda kunywa kahawa, mimi nina kimoja. Akasema hiyo nayo kweli. Kisha nikasema lile ambalo sijaliandika hata humu: kwamba sijiamini. Siogopi kwamba watanilazimisha. Naogopa kwamba Januari nitakaa kwenye kile kiti, mlango una jina langu, ada ya Se-rin mezani, na nitagonga muhuri. Kwa mkono huu huu. Na mwezi wa pili nitagonga bila kufikiri.

Kaka Pyo hakunipa maneno ya faraja. Alimaliza tambi zake. Zangu zikabaki. Mlangoni akasema, "Mimi mara ya kumi na moja nilipata hamsini na tisa nukta tano. Ukienda kule kuacha wazi swali ninalolijua, usinisalimie tena."

Ijumaa, 26 Julai

Treni saa tisa. Chumba cha wageni mjini Daejeon, karibu na shule ya mtihani. Kiyoyozi kinadondosha maji. Sijaamua.

Mama mkwe alinifungia uji wa mchele kwa ajili ya kesho, kwenye themosi. Siku kumi na sita alikuwa hasemi nami ila ya lazima. Mlangoni alinifunga mshipi wa mkono yeye mwenyewe, akaukaza mno. "Andika inavyosomeka," akasema. Sikuuliza ana maana gani.

Jumamosi, 27 Julai

Mapumziko ya mwisho. Dakika ishirini. Niko ngazi za nyuma za shule, naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi ni za mtoto.

Kipindi cha kwanza: vizuri. Cha pili: vizuri, nadhani. Saa ya uji nilikaa chini ya mti wa uwanjani nikawaza, sasa, kipindi cha tatu, hapa ndipo pa kuacha swali. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nikaingia kama mtu mwenye siri.

Maswali sita, chagua manne. Mawili sikuyajua. Sikuyajua kweli! Nikajibu mawili mengine; la tatu nililijua, nikaanza mchoro wa tangi, na kidole kikafa. Kalamu ikadondoka, ikabingirika mpaka miguuni kwa mtu wa mbele. Niliinua mkono mpaka msimamizi akaja, dakika nzima ikaenda. Na nilichofanya dakika ile — hakuna aliyeniona, humu tu ndimo nitakamosema — niliomba. Niliomba kwa Mungu wa mama mkwe, meno yamekazana: nipe mkono wangu, nipe dakika zangu, usininyime. Wazo la kuacha wazi halikuja hata kunichungulia. Niliandika nimekishika kiganja cha kulia kwa cha kushoto, kama mtu anayesukuma mkokoteni. Swali la nne limefika nusu. Nusu tu.

Nimepiga hesabu. Cha tatu hakizidi arobaini na tano. Ili nifike sitini, cha mwisho kinahitaji sabini. Sijawahi kupata sabini.

Ngazi ya chini ameketi mwanamume wa makamo, shati limelowa jasho mgongoni. Ameona mkono wangu. "Dada, lete hapa," amesema, ametoa plasta ya dawa mfukoni, anaibandua kwa meno. Ananiuliza ni mara ya ngapi. Nikasema ya tano. Akasema yeye ya nane. Anauliza leseni naitakia nini.

Plasta inachoma, kisha inapoa. Kengele. Watu wanasimama. Bado ameushika mkono wangu, anangoja jibu, na vidole — viwili, sasa vitatu — vinaanza kuitika.