Chura Ameondoka Mzima, Baba

Baba,

Chura ameondoka. Nakwambia hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza. Ameondoka mzima, kwa magurudumu yake mwenyewe, akinguruma vile unavyomjua. Mimi nimebaki hapa juu ya simiti yetu, na karatasi hii inashika alama za vidole vyangu. Nimenawa kwa sabuni ya kufulia na mchanga, ulivyonifundisha, lakini oili yake haitoki upesi. Sitaki itoke upesi.

Tangu tukuzike kule milimani Wusi, watu bado wanafika langoni na kuita, "Fundi!" Halafu wanakumbuka. Wanamsalimia Mama kwa sauti ya matangani, wanarudi na gari lao bovu. Shule nimemaliza, matokeo bado. Mama amerudi sokoni kuuza mboga. Jioni tunakula kimya, na wewe ulikuwa mkimya kuliko sisi sote, kwa hiyo sijui kwa nini kimya hiki ni kikubwa hivi.

Mama ndiye alisema Chura auzwe. Usimkasirikie. Aliniita jikoni akaniambia, "Wakesho, gari lile linanitazama. Kila nikifungua mlango, macho yale mawili ya duara yananiuliza mwenyewe yuko wapi. Sina jibu." Wakati ule alipokuwa akikutania, "Gari lisilobeba hata gunia la mahindi ni la nini?", nilidhani hampendi Chura. Sasa naona alikuwa akimpenda kwa sababu ulikuwa chini yake, miguu yako ikionekana.

Basi Baba Mdogo Righa akachukua jambo hilo mikononi. Alipata mnunuzi wa Mombasa, akasema atakuja Jumamosi. Akazunguka gari, akapiga teke gurudumu (ndiyo, alilipiga teke), akasema, "Likiwaka, tunauza gari. Lisipowaka, tunauza vyuma. Milango ina mtu wake, injini ina mtu wake."

Baba, usingizi uliniisha. Ulilikuta gari hili limetupwa chini ya banda kule kwenye mashamba ya mkonge, kuku wakitagia kwenye kiti. Yule mzungu aliyekuwa akihama alikwambia uchukue tu. Miaka yote ya utoto wangu ulikuwa ukimrudishia uhai kidogo kidogo. Nilijua sitaweza kumzuia asiuzwe. Nilitaka jambo moja tu, asikatwe. Lakini ona shida yangu: kadiri nitakavyomtengeneza vizuri, ndivyo atakavyoondoka. Nilikuwa nikimfunga mizigo mtu nisiyetaka aende.

Nilianza na filta ya hewa. Vumbi jekundu la Voi lilikuwa limejaa humo hadi nilipoigonga ukutani nikapiga chafya kama mbuzi. Nikafungua plagi. Ile ya nyuma kule chini, ambayo mkono wako ulikuwa haupiti, niliifikia mara ya kwanza. Ulikuwa ukisema, "Mikono yako ni spana isiyouzwa dukani." Nilisikia maneno hayo nikiwa nimelala mgongoni chini ya gari, machozi yakaingia masikioni. Sikuweza kuyafuta, mikono ilikuwa michafu.

Oili niliimwaga mchana, jua likiwa limeipasha ikawa vuguvugu. Nilikumbuka kwamba Chura ana nati mbili za kumwagia, moja chini ya injini na moja chini ya lile tangi la pembeni, na kwamba ukisahau ya pili umeosha uso ukaacha shingo. Niliweka washa mpya za shaba. Nilikaza kwa mkono, kisha spana, kisha nikaacha. "Ikikataa, usiilazimishe. Iulize." Niliuliza, Baba. Kila nati niliiuliza.

Nilijaza oili mpya, nikawasha. Alipowaka, kwa mara ya kwanza tangu uende, Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko wa kusongea kimanga mkononi. Alisimama tu. Kisha akarudi ndani akafunga mlango. Sijui hata leo kama nilimfariji au nilimuumiza.

Jumamosi ikafika. Mnunuzi anaitwa Bwana Athmani, mzee mwenye kofia safi, mzaliwa wa hapa Voi aliyehamia Mombasa. Kabla hajafika, Baba Mdogo alimsukuma Chura kutoka kwenye simiti hadi karibu na lango, "ili mteja amwone vizuri." Unajua pale panavyoteremka. Unajua pia kwa nini ulijenga simiti ile, ukaipima usawa kwa mpira wa maji kama fundi wa nyumba, majirani wakikucheka kwamba unajengea gari kitanda.

Bwana Athmani akauliza kuhusu oili. Baba Mdogo akachomoa kijiti cha kupimia, injini ikiwa baridi, gari likiwa mteremkoni, kama anavyofanya kwenye gari lake la probox kila asubuhi. Kijiti kikatoka kikavu.

"Ah!" akasema. "Halina oili kabisa. Huyu mtoto alisahau kujaza."

Akafungua galoni nzima ya oili.

Wewe unanijua. Darasani niliulizwa jina langu na nikalisema nikikitazama kiatu. Watu walikuwa wamejaa langoni, yule jirani yetu wa duka akishangilia, "Leo Chura ataoga!" Niliona galoni ikiinama. Nilijua ikijaa kupita kiasi, oili itamwagikia kwenye njia ya hewa, moshi mweupe utajaa uwanja, mnunuzi ataondoka, na Jumatatu msumeno utakuja.

Nikasema, "Baba Mdogo, usimwage."

Sauti ilitoka ndogo. Hakusikia. Nikashika mkono wake, Baba. Nilimshika mkono mtu mzima mbele ya watu.

"We! Una nini wewe?"

Bwana Athmani akageuka. "Mwache aseme. Sema mwanangu, usiyatafune maneno kama tambuu."

Nikasema. Sijui niliitoa wapi sauti. Nilisema huyu hapimwi akiwa amelala, kwa sababu oili yake huteremka tumboni mwa injini, na kijiti huonyesha uongo. Lazima awake, apate moto, asimame pale kwenye simiti, na apimwe akiwa ananguruma. Baba Mdogo akacheka, "Gari gani hupimwa likiwa macho?" Lakini galoni aliiweka chini. Alisaidia kumsukuma kurudi, na hilo nitamkumbukia.

Tulingoja injini ipate moto. Nilipochomoa kijiti, oili ilisimama katikati ya alama mbili, safi kama asali. Nikampa Bwana Athmani akitazame mwenyewe. Alikitazama sana, kisha akaniuliza, "Nani hulitunza gari hili?"

Nilitaka kutaja jina lako. Likakwama, kwa sababu ningelazimika kuongeza neno lile linalotangulia majina ya waliokufa. Nikasema, "Sisi."

Hakuna aliyenisahihisha. Hata Mama.

Bwana Athmani alilipa, akaondoka naye mchana. Chura alipofika njia panda nilisikia gia ya pili ikilia, krrr. Hapo ndipo nilipokumbuka nilichosahau kusema: gia ya pili haipendi kuvutwa kabla boksi la gia halijapata moto, mpaka uibembeleze. Wewe hukuwahi kuniambia kwa maneno. Nilijua kwa kutazama mkono wako ukipumzika kidogo katikati. Bwana Athmani hajauona mkono huo. Kila asubuhi ataivuta kwa nguvu, na taratibu ataivunja, naye atadhani alipewa gari bovu.

Tangu jana sauti ile ndiyo ninayoisikia. Siyo kilio cha msiba, ni ile krrr.

Mama anataka kuanika maharagwe hapa kwenye simiti. Nimemwomba aache upande mmoja, ule wenye doa la oili. Hakuniuliza kwa nini. Baba Mdogo anasema nikasomee ususi, nina vidole vyembamba. Sijamjibu bado. Sauti niliyokuwa nayo ilikwisha yote Jumamosi, au ndivyo ninavyohisi.

Lakini namba ya Bwana Athmani iko kwa Mama. Unajua nilivyoiogopa simu, nilivyokuwa nikikupa wewe upokee hata ya shangazi. Nikimaliza barua hii nitainuka, nitaomba simu, nitampigia mtu nisiyemjua, nimweleze mkono wako ulivyokuwa ukipumzika kabla ya gia ya pili. Nikishikwa na kigugumizi, atangoja. Anaonekana mtu wa kungoja.

Lala salama huko Wusi, kwenye ubaridi wako. Nakuahidi hili: ulichonionyesha bila kusema, mimi nitakisema.

Nainuka sasa.

Spana yako,
Wakesho