Alama ya Dole Gumba

Mama,

Albamu imetoka. Huku Kasungami inapigwa kwenye kila kibanda cha kuchajia simu, na watoto wananiita kwa lile jina la jukwaani ambalo wewe ulikataa kabisa kulitaja. Nimerudi, wanasema. Lakini jioni nikifunga mlango sina wa kumwambia linalonisumbua, ndiyo maana nakuandikia.

Kuna wimbo mmoja nimeuondoa kwenye albamu. Ni wako.

Unakumbuka bukari yako, ule ugali uliokuwa ukiniletea gerezani, baada ya ule ugomvi wa kwenye baa kunifungisha? Uliiacha kwa askari wa mlangoni. Katikati ulikuwa umebonyeza dole gumba, ili mchuzi wa samaki usimwagike. Wenzangu wa chumba walinicheka, eti mama wa rapa anampigia muhuri. Mimi nilianza kula pale pale kwenye alama yako.

Halafu ikaja siku bukari haina alama. Nikala. Iliyofuata alama ilirudi, lakini ndogo. Nikaweka dole langu mle, halikuenea. Kwako lilikuwa likiingia lote. Lile lilikuwa la mdogo wangu Solange. Kama ungekuwa mgonjwa tu, angeniambia. Mtu hajifanyi mama wakati mama yupo. Nilikula yote, kwa sababu sahani ingerudi nyumbani na yeye angeitazama. Nilikuwa natafuna huku nalia, mama.

Nilipotoka, Solange alinishika mikono yote miwili akaniambia kwamba ulishafariki, na kwamba hawakutaka habari hiyo inikute mle ndani. Nikalia kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Tangu hapo kila mgeni akija, Solange anamsimulia, na uso wake unafunguka: "Hakuyua ata kidogo. Alikuwa anakula, anazani ni mama." Sijamwona akifurahia kitu kingine tangu nirudi.

Na wimbo wenyewe unasema nilijua.

Trésor, fundi wa studio kule Naviundu, alipousikia alivua vifaa vya masikioni. Nilipomwambia tuuondoe, alikasirika. "Vieux, mzee wangu, wimbo huu ndiyo chanson yenyewe. Ukiitosha kwenye albamu, tutabakia na nini?" Akasema gereza limenilegeza. Sikumweleza sababu, maana Trésor hawezi kutunza siri hata ya supu, na kesho yake ingemfikia Solange. Basi nyimbo zilizobaki ni zile za kutamba. Watu wanazicheza. Mimi nikizisikia zinapita tu.

Kila Jumapili baada ya misa Solange ananipikia. Ananiwekea sahani, alama iko katikati, anangoja nimeze kwanza. "Yaya, kaka yangu, iko sawa na ya mama?" Namjibu iko sawa.

Ila naogopa, mama. Siku hizi nikiila yake, ladha ya yako siipati vizuri. Naitafuta, haiji. Ilikuwa imebaki kwenye ule wimbo, na hakuna atakayeusikia.

Pumzika, mama yangu. Wimbo nitakuimbia wewe peke yako, nikija kupalilia kaburi, bila muziki. Na nakuahidi, Solange hatajua kutoka kwangu. Jumapili atauliza tena, nami nitasema iko sawa. Unisamehe siku nitakayomjibu hivyo bila kumdanganya.

Ni mimi, Dieudonné